PUNDA NAYE ANA SABATO YAKE

Masomo: Kumbukumbu la Torati 5:12–15, Kutoka 23:4–5 na 12, Luka 13:10–17



Amri ya nne twaijua sote. Tuliikariri katika mafundisho ya kipaimara, na hata leo ukimwuliza Mkristo ye yote wa mtaa wetu atakuambia kwamba siku ya Bwana ni ya kupumzika na ya kuabudu. Lakini fungueni Kumbukumbu la Torati sura ya 5 mkaisome amri hiyo polepole, kama vile mtu asomavyo hati ya shamba. Mtaona kwamba Mungu hakusema na mwenye nyumba peke yake. Aliwataja mwana na binti, akawataja watumishi wa kiume na wa kike, kisha akamtaja ng'ombe, akamtaja na punda, halafu mgeni akaaye kijijini. Wote hao wamewekwa katika amri moja, na wote wamepewa pumziko moja.

Tena katika Kutoka 23:12 tunaelezwa sababu. Kazi isimame siku ya saba, na mojawapo ya makusudi yake ni kwamba ng'ombe na punda wapumzike. Pumziko la mnyama si masalio ya pumziko la binadamu. Mungu mwenyewe amelikusudia. Kwa hiyo nawauliza swali ambalo kila mmoja ajijibu nyumbani kwake: Je, punda wako anayo Jumapili?

Wengi wetu tunajua jibu. Jumamosi punda amebeba mkaa na magunia kwenda sokoni. Jumapili asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza, watoto humpeleka kuchota maji, kwa kuwa siku hiyo ndiyo wasiyokwenda shule. Sisi tukivaa nguo safi na kwenda ibadani, maji tuliyooga yameletwa na mgongo ambao haukupumzika. Naye amefungwa kwenye mti, juani, kamba fupi shingoni, na mara nyingi yeye aliyeleta maji hakuyaonja.

MITHALI ZETU NA NENO LA MUNGU

Lugha yetu ya Kiswahili ina hekima nyingi, lakini kwa punda haikuwa na huruma. Twasema, "Punda afe, mzigo ufike." Twasema pia, "Asante ya punda ni mateke." Na tukitaka kumtukana mtu mjinga twamwita punda. Maneno haya watoto wetu huyasikia kabla hawajajua kusoma, nayo huwafundisha kwamba maumivu ya mnyama huyu si kitu.

Sasa tusikilize Maandiko. Katika Hesabu sura ya 22 nabii Balaamu alimpanda punda wake kwenda safari isiyompendeza Mungu. Malaika alisimama njiani na upanga. Nabii hakumwona; punda ndiye aliyemwona. Alikwepa mara tatu, na mara tatu nabii akampiga. Hatimaye Mungu alikifumbua kinywa cha mnyama yule, naye akamwuliza bwana wake amemkosea nini hata apigwe. Malaika naye, alipoonekana, neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza juu ya vipigo vile. Ndugu zangu, hilo lilisemwa na mjumbe wa Mungu, wala si na mtu mwenye moyo laini kupita kiasi. Na tukumbuke kwamba punda anayegoma njiani mara nyingi ana sababu yake: ameliona shimo, au kidonda kimechubuliwa na kamba, au kiu imemshinda. Sisi huita ukaidi, tukachukua fimbo.

Tena liko somo la Luka sura ya 13. Bwana Yesu alimponya mwanamke aliyepindika mgongo miaka 18, naye alimponya siku ya Sabato. Mkuu wa sinagogi alikasirika. Bwana alimjibu kwa kuuliza kama si desturi ya kila mmoja wao kumfungua ng'ombe wake au punda wake siku ya Sabato na kumpeleka kunywa maji. Hoja ile iliwanyamazisha wapinzani wake wote. Iliwanyamazisha kwa nini? Kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuibisha. Watu wale, pamoja na ugumu wa mioyo yao, walijua kwamba mnyama lazima anyweshwe hata siku takatifu. Je! Bwana angelifundisha leo chini ya mwembe wetu hapa Nyasura, angeliweza kuitumia hoja hiyo? Au baadhi yetu tungelitazamana?

MZIGO NA NIRA

Tusiishie kuhuzunika tu; tupate na maarifa, maana ukatili mwingi hutokana na kutojua.

Wataalamu wa mifugo hushauri kwamba punda abebaye mgongoni asitwikwe zaidi ya theluthi moja ya uzito wake. Punda wetu hawa ni wadogo. Aliye na kilo 150 ni mkubwa. Basi theluthi yake ni kilo 50. Dumu moja la lita 20 likijaa lina kilo 20. Mwanafunzi wa darasa la nne aweza kupiga hesabu hiyo: madumu mawili ni mzigo wa haki, na madumu manne ni kilo 80, yaani zaidi ya nusu ya uzito wa mnyama mwenyewe. Halafu twashangaa akilala njiani.

Jambo la pili ni matandiko. Kamba ya nailoni ikilala juu ya ngozi tupu hukata kama kisu. Shona magunia mawili madogo, yajaze nyasi kavu, moja likae ubavu huu na jingine ubavu wa pili, ili mzigo usikalie uti wa mgongo. Kazi hiyo ni ya jioni moja, nayo haitaki fedha.

Jambo la tatu ni nira. Wako wanaomfunga punda mkokoteni kwa nira ya ng'ombe. Ng'ombe ana nundu na shingo nene, naye husukuma nira kwa nguvu za hapo. Punda hana nundu. Nguvu zake ziko kifuani. Ukimvika nira ya maksai unamtia vidonda vya shingo bure, na mzigo hauendi. Yeye afungwe ukanda mpana wa kifuani. Sheria ya Musa, katika Kumbukumbu 22:10, ilikataza kuwalimisha ng'ombe na punda pamoja. Sisi tuliozaliwa katika nchi ya majembe ya kukokotwa twaelewa upesi: nguvu zao si sawa na hatua zao si sawa, na mdogo ndiye atakayeumia.

Na maksai nao tusiwasahau. Msimu wa kulima ukifika wako wanaowafunga alfajiri na kuwafungua jua likiwa kali kichwani, na vijana nyuma yao wanashindana kwa mijeledi. Tuwalimishe asubuhi mapema, tuwafungue jua linapopanda, tuwape maji na majani kabla sisi hatujakaa mezani.

NGOZI YA PUNDA

Katika miaka ya karibuni punda wa Afrika walipatwa na msiba mwingine. Huko China ngozi ya punda huchemshwa na kutolewa gundi inayotengenezewa dawa iitwayo ejiao. Punda wa China walipopungua, wafanyabiashara waligeukia bara letu. Hapa Tanzania machinjio yalifunguliwa Dodoma na Shinyanga. Jirani zetu wa Kenya walikuwa na manne. Punda walinunuliwa kwa wingi na kusafirishwa mbali, na palipo na soko mwizi naye hakosekani. Watu waliamka wakakuta kamba imekatwa.

Punda hawazaliani upesi. Hubeba mimba kwa muda wa miezi 12 hivi na huzaa mwana mmoja. Kwa hiyo ikaonekana wazi kwamba wanaochinjwa ni wengi kuliko wanaozaliwa. Serikali yetu ilisimamisha kazi hiyo mwaka 2017, ikaruhusiwa tena, kisha mwishoni mwa mwaka 2021 ikasimamishwa tena. Desemba 2022 wajumbe kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikutana Dar es Salaam kuzungumza juu ya punda. Na mwezi wa Februari 2024, huko Addis Ababa, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kukataza bara zima, kwa miaka 15, uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi.

Kwa nini wakuu wa nchi wakae kikao kwa ajili ya punda? Kwa sababu punda akiondoka nyumbani, mzigo wake hauondoki. Dumu lililokuwa mgongoni mwake linahamia kichwani kwa mama. Mama akishindwa, linahamia kwa binti, na binti huyo Jumatatu hafiki darasani. Mimi niliyeshika chaki miaka mingi najua kwamba mahudhurio ya mtoto wa kike huandikwa kwanza nyumbani, kabla hayajaandikwa katika daftari la mwalimu.

"MBONA WATU WENYEWE WANA SHIDA?"

Najua atakuwapo ndugu atakayesema: Mwalimu, watu wana njaa na dawa hakuna, kwa nini kanisa lisumbuke na wanyama? Swali hilo ni la haki, na lajibiwa na amri yenyewe. Katika Kumbukumbu 5 mtumishi na punda wametajwa pamoja, na Waisraeli wakakumbushwa kwamba wao wenyewe walikuwa watumwa Misri. Mungu alijua kwamba mkono uliozoea kumtwika punda hata aanguke hautasita kumtwika na mtumishi. Huruma haipungui kwa kugawanywa. Mtoto anayeachwa kumpiga mbwa mawe leo anajifunza namna ya kumtendea kila aliye dhaifu kuliko yeye. Na anayefundishwa kumnywesha ndama anajifunza kuona shida ya mwingine kabla hajaambiwa.

Historia ya Kanisa letu la Anglikana yathibitisha hayo. Mwaka 1824, mjini London, kasisi wa Kianglikana aitwaye Arthur Broome aliwakutanisha watu wakaunda chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama. Mmoja wao alikuwa William Wilberforce, yule yule aliyepigana miaka mingi Bungeni dhidi ya biashara ya watumwa. Mtu aliyeona mnyororo wa mtumwa hakushindwa kuona na kidonda cha farasi. Kasisi Broome alijitolea hata akafungwa gerezani kwa sababu ya madeni ya chama hicho.

Na sheria ya nchi yetu haiko kimya. Tangu mwaka 2008 tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama, ambayo kwayo kumtesa mnyama ni kosa. Lakini polisi hawezi kusimama katika kila zizi. Mithali 12:10 yasema kwamba mwenye haki hujulikana kwa jinsi anavyoujali uhai wa mnyama wake. Dhambi ya zizini haina shahidi wa kibinadamu, kwa maana mnyama hawezi kushitaki. Anaye Shahidi mmoja tu, naye ndiye atakayetuhukumu sote.

TUFANYE NINI?

Naomba kila nyumba ya usharika wetu ijaribu mambo haya machache.

Kwanza, maji ya Jumapili yachotwe Jumamosi mapema, na mzigo ugawanywe katika safari mbili. Jumapili punda afunguliwe, alishwe, aachwe agaegae mavumbini apendavyo. Hiyo ndiyo Sabato yake.

Pili, mnyama anyweshwe kwanza, kisha madumu yajazwe. Utaratibu huu wafundishwe watoto, kama tunavyowafundisha kunawa mikono kabla ya kula.

Tatu, mwenye kidonda asitwikwe hata kipone. Jike mwenye mimba nzito apunguziwe kazi, na mwana-punda asianzishwe kubeba kabla hajatimiza miaka mitatu. Vidonda vioshwe kwa maji safi yenye chumvi kidogo, na Bwana Mifugo aitwe mapema.

Nne, ukimkuta punda wa jirani ameanguka chini ya mzigo, msaidie. Kutoka 23:5 yataka tufanye hivyo hata kama mwenye punda ni adui yetu. Huenda mapatano ya watu wawili waliokosana yakaanzia hapo, wakiwa wameinama pande mbili za gunia moja.

Tano, tusinunue kuku waliofungwa miguu na kuning'inizwa kwenye bodaboda vichwa chini tangu asubuhi, bila kumwonya muuzaji kwa upole. Kapu lipo, na bei ya kapu si kubwa.

Wapendwa, Bwana wetu alipoingia Yerusalemu hakuchagua farasi wa vita. Alimpanda mwana-punda, na Marko aeleza kwamba aliagiza arudishwe mara. Mfalme wa wafalme aliazima mnyama wa maskini na kuahidi kumrudisha. Sisi nasi wanyama tulio nao tumeazimwa tu, na siku moja Mwenyewe atauliza tumewarudisha wakiwa na hali gani.

TUOMBE

Ee Mungu Baba, uliyeumba wanyama kabla yetu siku ile ile moja, ukaona kuwa ni vema: utusamehe ukali wa mikono yetu. Uwape watoto wetu macho ya kuona kiu ya asiyeweza kusema. Uwalinde wanyama wanaotutumikia, na ututie moyo wa kuwapa pumziko ulilowaamuria. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Mwalimu mstaafu, Nyasura