Desturi au Jumba?

Katika tamthilia ya Shakespeare iitwayo Hamlet, mwana wa mfalme wa Denmark anasikia tarumbeta na mizinga ya karamu ya ulevi. Anakiri kwamba amezaliwa katika desturi hiyo, lakini anaona ni heshima zaidi kuivunja kuliko kuishika. Neno lililoandikwa hapo ni "manner", yaani desturi. Waingereza wengi baadaye walisikia "manor", yaani jumba la bwana mwenye ardhi, kwa kuwa maneno hayo hutamkwa karibu sawa. Basi msemo uliomhusu mtu aliyelelewa katika desturi fulani, ukageuka kuwa wa mtu aliyezaliwa katika ukwasi.

Tusiwacheke. Sisi tuliozaliwa katika nyumba za Kikristo nasi tumesikia vibaya. Wazazi wetu waliturithisha desturi: kusali, kusamehe, kumkaribisha mgeni. Sisi tukasikia jumba: benchi letu la mbele, jina la babu kwenye jiwe la msingi, haki ya kusikilizwa kwanza katika baraza la wazee. Yohana Mbatizaji aliwaonya waliojivunia kuwa wana wa Ibrahimu. Alitaka matunda, si ukoo.

Desturi hurithiwa kwa kutendwa, na hata hiyo yapasa kupimwa, kama Hamlet alivyoipima ya kwao. Jumapili ijayo, mgeni akikaa kwenye benchi letu, je, tutamsogelea kumsalimu, au tutamwonyesha mahali pa kuhamia?