Uso Ambao Kipofu Hakuuona

Ndugu yangu unayesomesha madrasa huku Kitui na Makueni, na wewe uliyekabidhiwa msikiti pale Emali, Kibwezi au Mtito Andei, ifungue Sura Abasa uzisome polepole aya 10 za mwanzo.

Wafasiri wengi wanasimulia kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa Makka akizungumza na wakubwa wa Kikureshi, akitumai watasilimu. Akaingia Abdullah bin Ummi Maktum, kipofu, akitaka kufundishwa. Mtume akakunja uso. Kipofu hakuuona uso ule, ila Mola aliuona, na aya zikashuka. Mtume mwenyewe ndiye aliyewasomea watu lawama hiyo, nasi hadi leo twaisoma katika swala.

Angalia pia alivyoonywa kwa upole. Maneno yanaanza kwa kumtaja kana kwamba ni mtu aliye mbali, kisha ndipo yanamgeukia. Katika Sura Tawba, kuhusu ruhusa aliyowapa waliobaki nyuma safari ya Tabuk, msamaha umetangulia, swali likafuata. Musa na Ibrahim wanaitwa kwa majina yao. Yeye huitwa Nabii au Mtume, wala hamna aya inayomwita kwa jina lake. Basi wewe umepata wapi ruhusa ya kumfokea mtoto mbele ya wenzake kwa kuwa ulimi uliolelewa kwa Kikamba umeshindwa na dhadi?

Huku kwetu Waislamu ni wachache, na maji ni ya shida. Msafiri wa barabara ya Mombasa akiegesha gari la fahari ili aswali, tunatoka kumlaki, tunamtajia tangi la msikiti. Si vibaya. Lakini mlangoni amesimama mama aliyesilimu juzi, katembea tangu alfajiri, anataka afundishwe Alhamdu. Anajibiwa arudi kesho, na anayemjibu hata hamtazami. Nakusihi, keti naye kwanza. Tangi litangoja.

Mtume hakuishia kwenye majuto. Abdullah alifanywa mwadhini pamoja na Bilal, na zaidi ya mara moja Mtume alipotoka Madina kwa safari, kipofu yule ndiye aliyeachiwa mji, akawaswalisha watu.