Hukumu na Chanzo

Je, ni haki kuhukumu kosa mahali lilipoonekana? Swali hili la maadili lina mwalimu asiyetazamiwa: fundi wa vikuza sauti. Kikuza sauti cha stirio kina njia mbili, ya kushoto na ya kulia. Njia moja ikinyamaza, mwenye haraka huilaumu spika, kwa kuwa ndipo kimya kinaposikika. Fundi mwadilifu huzima mtambo, akazibadilisha nafasi nyaya mbili zinazoingiza sauti, kisha akauwasha. Kimya kikihamia upande wa pili, dosari iko nyuma, katika waya au chombo kinacholeta sauti. Kisipohama, iko katika kikuza chenyewe au mbele yake. Hata spika iliyoungua yamkini imedhulumiwa: transista ya mwisho ikiharibika huweza kuipelekea umeme wa mkondo mnyoofu, koili yake ikaungua. Anayebadili spika tu huiua na ya pili.

Njia iliyo nzima ndiyo kipimo: volti zake hulinganishwa na za ile mbovu, mahali kwa mahali. Kipimo hicho ni cha haki, maana njia zote mbili zimeundwa kwa ramani moja. Wanadamu hawakuundwa hivyo. Kumpima mtoto kwa nduguye, au maskini kwa tajiri, ni kupima kwa pishi isiyo yake. Basi na tuige subira ya fundi katika kutafuta chanzo, wala tusiige mizani yake. Adhabu inayotangulia uchunguzi haiondoi kosa, huongeza aliyeonewa.