Daktari Kijana, Usiishie Kwenye Kisu

Daktari kijana uliyeuchagua ubongo, nasema nawe. Umemaliza miaka mitano ya chuo na mwaka wa mafunzo kwa vitendo, na mbele yako ipo mingine mingi ya ubingwa, ya zamu zisizojua sikukuu. Watakwambia mkono hodari unatosha. Hautoshi! Mkono mmoja, hata uwe hodari vipi, haumalizi foleni ya wodini. Anayeipunguza ni yule anayepasua, kisha akauliza, akahesabu, akaandika, akafundisha.

Itazame Mbale, mashariki mwa Uganda. Mwaka 2000 Mmarekani Benjamin Warf alihamia huko na mkewe na watoto wao sita, kusaidia kuanzisha hospitali ya watoto ya CURE. Akaanza kupokea watoto wenye vichwa vikubwa vilivyojaa maji, mmoja baada ya mwingine. Tiba iliyozoeleka ilikuwa mrija wa kupitishwa chini ya ngozi, unaotoa maji kichwani na kuyashusha tumboni. Mrija huo huokoa maisha, ila huziba. Mtoto wa Boston ukimzibia, hospitali ipo karibu. Wa kijiji kilicho mbali na lami anaweza kufia njiani, mgongoni kwa mama yake.

Wengi wangesikitika, wakaendelea na kazi. Warf aliuliza: lazima mrija? Akaingiza kamera nyembamba kwenye vyumba vya ubongo, akatoboa njia mpya ya maji, kisha akaunguza tishu inayoyatengeneza. Wala hakutaka kuaminiwa kwa maneno: mwaka 2005 alichapisha utafiti wa watoto 550. Alionyesha pia kwamba wengi wa wagonjwa wake waliharibiwa na maambukizi ya utotoni, jambo ambalo asingelijua kama asingewahesabu wagonjwa wa Mbale wenyewe.

Mwaka 2017 jarida la New England Journal of Medicine likachapisha jaribio lililofanyika hapohapo: watoto 100, wengine kwa mrija, wengine kwa kamera, wakigawanywa kwa bahati nasibu. Baada ya mwaka mmoja, maendeleo ya akili ya makundi hayo mawili hayakupishana kwa kiasi cha maana. Ushahidi huo dunia iliupata Mbale! Na Warf alipoondoka mwaka 2006, kazi haikusimama, kwa sababu alikuwa amemfundisha Mganda, Dk. John Mugamba, akaiendeleza.

Mgeni aliliona swali lililokuwa mlangoni petu. Linalofuata ulione wewe. Vijana wa bodaboda wanaoletwa usiku damu ikiwa imevia kichwani, wanafika baada ya saa ngapi? Wangapi wanarudi kazini? Akina mama wa watoto wenye mgongo wazi, nani aliwapa vidonge vya foliki kabla ya mimba? Majibu yamelala kwenye mafaili ya hospitali yako, na hakuna profesa wa ng'ambo anayeijua wodi hiyo kukushinda.

Basi fungua daftari wiki hii. Mwandike kila mgonjwa, na akisharuhusiwa mpigie simu, umuulize anatembeaje, anasemaje, mtoto ameanza shule? Mfuate mwalimu wako, mwambie unataka kuandika naye. Na yule mwanafunzi anayekufuata nyuma kwenye raundi, mvute karibu na kitanda, mwonyeshe picha ya CT, umuulize yeye anaona nini.