Gitaa, Bonasi na Kilio cha Mchumaji

Andiko kuu: Isaya 5:1–13
Maandiko mengine: Yakobo 5:1–4, Mithali 31:31, Luka 15:11–32

   

Tuko kwenye msimu tunaoujua wote. Mwaka wa hesabu wa viwanda vya KTDA unafungwa mwisho wa Juni, na ikifika Oktoba mkulima anapata malipo ya pili, yale tunayoita bonasi. Kuanzia Litein hadi Mogogosiek, kuanzia Momul hadi Kapkoros, simu zinalia, na M-Pesa zina foleni. Duka la mabati linauza, duka la sare za shule linauza. Na baa zinapaka rangi, zinaleta spika mpya, zinabandika mabango: wiki hii benga ya Kikalenjin, bendi iko hapa, njoo na rafiki.

Sasa tusome Isaya sura ya tano. Wengi wetu tunakimbilia aya ya 11 na 12, ambapo nabii anawaambia ole watu wanaoamka mapema kufuata kileo na kukesha hadi kiwawashe, huku karamu zao zimejaa vinubi, matari na filimbi. Tunafunga Biblia tunasema, "Mmeona? Mungu amekataa muziki!" Hebu tusiende haraka. Tuanzie aya ya kwanza.

1. Sura hii inaanza kwa wimbo

Isaya anafungua kinywa kwa kuimba. Na wimbo wenyewe ni wa shamba. Mwenye shamba ana kilima chenye udongo mzuri, analima, anatoa mawe, anapanda mizabibu bora, anajenga mnara wa mlinzi, anachimba shinikizo. Halafu anangoja matunda.

Mtu wa Kericho na Bomet haelezwi wimbo huu mara mbili. Wewe unajua kungoja mche wa chai miaka kadhaa kabla haujakulipa. Unajua mvua ya mawe ikishuka alasiri moja, jani lote linararuka. Kwa hiyo Mungu anaongea lugha yako, na anaongea kwa wimbo.

Sisi ni watu wa kuimba tangu zamani. Mwaka wa 1950 mtafiti wa muziki aitwaye Hugh Tracey alifika Kapkatet na mashine ya kunasa sauti. Wasichana wa Kipsigis wakamwimbia wimbo wa Chemirocha, kinubi cha nyuzi kikiwafuata. Chemirocha ni nani? Ni Jimmie Rodgers, mpiga gitaa wa Marekani, ambaye alikuwa amekufa tangu 1933! Santuri zake zilikuwa zimefika huku. Watu walisikia sauti bila kuona mtu, wakasema huyu ni nusu mtu, nusu swala. Jina lake wakaligeuza likakaa sawa kwenye ulimi wa kwetu. Mpaka leo watu wa nchi za mbali wanasikiliza sauti za wasichana wale.

Kwa nini nasema haya kanisani? Kwa sababu kuna kijana ameketi nyuma pale, anapiga gitaa Ijumaa na Jumamosi usiku, na kila akiingia kanisani anafikiri vidole vyake ni najisi. Kijana, sikiliza. Vidole hivyo Mungu ndiye alivitengeneza. Katika Luka 15 yule kaka mkubwa aliporudi kutoka shambani alisikia nini nyumbani kwa baba? Muziki na watu wakicheza! Baba alikuwa na muziki. Lakini muziki wa baba ulikuwa unasherehekea mtu aliyerudi nyumbani. Muziki mwingine kazi yake ni kumzuia mtu asirudi. Hapo ndipo tofauti ilipo. Mwambie jirani yako, "Uliza muziki unakupeleka wapi."

2. Kosa lao ni kutoona

Rudi aya ya 12. Baada ya vinubi na mvinyo, nabii anataja shtaka lenyewe: watu hawa hawatazami kazi ya Bwana, hawaoni matendo ya mikono yake. Macho yamefungwa. Na aya ya 7 inasema Mungu alitafuta haki katika shamba lake, akasikia kilio. Ziweke aya hizo mbili pamoja. Kuna kilio shambani, na kuna kinubi mezani, na aliye mezani hasikii kilio kwa sababu kinubi kiko juu.

Watu wa Mungu, kilio hicho tunakijua. Yakobo 5:4 inasema ujira wa wavunaji walionyimwa unapiga kelele, na kelele hiyo imefika kwenye masikio ya Bwana wa majeshi. Sisi tunasoma hapo tunafikiria matajiri wa kampuni. Sawa, waliodhulumu wafanyakazi watajibu mbele za Mungu. Lakini leo sitaki twende mbali hivyo. Leo twende kwenye shamba lako la ekari moja, kule nyuma ya nyumba.

Nani alichuma majani hayo? Nani aliamka umande ukiwa bado kwenye majani, akafunga karatasi ya nailoni kiunoni, akabeba kikapu mgongoni? Nani alichagua majani mawili na chipukizi moja, mkono baada ya mkono, akapanga foleni kwenye kituo cha kupimia, akangoja lori jioni kwenye baridi? Mara nyingi ni mama, na watoto wakitoka shule wanasaidia. Lakini nambari ya mkulima ni ya nani? Akaunti ni ya nani? Ujumbe wa pesa unaingia kwenye simu ya nani? Mmenyamaza. Semeni amina hata kama inauma.

Tufanye hesabu ya mfano tu. Tuseme bonasi ni shilingi 20 kwa kilo. Mzee anaingia baa na marafiki wanne. Bendi inapiga, jina lake linatajwa kwenye maikrofoni, anasimama, anatunza mwimbaji noti. Ikifika saa tano meza imekula shilingi 3,000. Gawanya kwa 20: hizo ni kilo 150 za majani mabichi. Mama akichuma kilo 15 kwa siku, hizo ni siku kumi. Siku kumi za mgongo wa mama zimekwisha kabla bendi haijamaliza kupiga! Na asubuhi mama anaambiwa, "Bonasi mwaka huu ilikuwa kidogo."

Hicho ndicho kilio. Wewe hukukisikia kwa sababu spika ilikuwa karibu na sikio lako. Mungu alikisikia.

Na Mithali 31, ile tunayowasomea kina mama kila harusi, tunaishia kwenye sifa. Aya ya mwisho ina amri: huyo mwanamke apewe sehemu ya matunda ya mikono yake. Hujaambiwa umpe pole. Umeambiwa umpe matunda.

3. Baa inajua kitu ambacho kanisa lazima lijue

Sasa wacha niseme neno gumu kwa sisi tulio ndani. Ni rahisi kusimama hapa na kulaani baa kuanzia Kapsoit hadi Silibwet. Lakini jiulize kwa nini mzee anakwenda kule. Wengine pombe imewafunga, na hao wanahitaji maombi, ushauri na pia daktari. Usimwone mtu anatetemeka mikono ukamwambia aombe tu. Lakini wengi hawakuanza na kiu ya pombe. Walianza na kiu ya watu.

Kule baa anaitwa kwa jina. Kuna kiti chake. Anasikia wimbo wa lugha ya mama yake. Kuna mtu atamuuliza ng'ombe yule mgonjwa alipona? Yule kijana aliyeachishwa kazi baada ya mashine za kuchuma kuingia kwenye mashamba makubwa, hapo kuna mtu atamwambia, "Kaa, kunywa moja." Sumu imeletwa kwenye kikombe cha upendo, ndiyo maana inanyweka.

Sheria ya vileo ya mwaka 2010, ile watu waliita sheria ya Mututho, iliruhusu baa kufunguliwa saa kumi na moja jioni siku za kazi, na saa nane mchana wikendi, na kufungwa saa tano usiku. Kila siku, wapendwa! Kila jioni mlango uko wazi na taa inawaka. Je, mlango wa mpendwa uko wazi jioni ya Jumanne? Mtu akifiwa na mke, baada ya mazishi nani anakwenda kukaa naye wiki ya tatu?

Na kuna neno kwa mpendwa mwenye jengo. Unatoa fungu la kumi, Mungu akubariki. Lakini chumba ulichokodisha kinauza chang'aa nyuma na soda mbele, na watoto wa shule wanapita mlangoni. Sheria hiyo hiyo inataka mita 300 kati ya baa na shule. Wewe unajua umbali, uliupima ulipokuwa unajenga. Kodi hiyo usiiite baraka.

4. Tufanye nini wiki hii?

Kwanza, mwanamume, kabla ya kutoa shilingi moja, keti na mkeo. Ile jioni pesa imeingia, muonyeshe ujumbe kwenye simu. Muonyeshe risiti za kilo. Andikeni kwenye daftari: karo, mbolea, chakula, deni la Fuliza, sadaka, na kitu cha mama mwenyewe ambacho hatatakiwa kukieleza. Wale wanaoweza, fungueni akaunti ya pamoja. Gawanyeni hata miche ya chai, mama awe na nambari yake kwenye kiwanda. Usiseme hiyo ni mambo ya mjini. Ni Mithali 31.

Pili, tunywe chai yetu! Tunapanda chai, inauzwa mnada wa Mombasa, Waingereza na Wapakistani wanakaa chini wanaifurahia, na sisi wenye shamba tunakimbilia chupa. Kwenye kila kituo kuna hoteli ya chai na mandazi. Wanaume wa kanisa, Ijumaa hii ya bonasi jazeni hoteli hizo. Kila mmoja alete mzee mmoja asiyeokoka. Usimhubirie kabla kikombe hakijaisha. Muulize habari za ng'ombe. Sikiliza. Mwimbeni nyimbo za lugha ya nyumbani. Halafu msindikize mpaka mlangoni kwake, simu na pesa zikiwa mfukoni.

Tatu, mpiga gitaa asidharauliwe. Anapokuja, usimpe kiti cha nyuma kama mgonjwa wa kuambukiza. Anahitaji mlo pia. Baa ilikuwa inamlipa. Ukimwambia aache kazi ya usiku, mtafutie kazi ya mchana. Mwite harusini, umlipe vizuri, usimlipe "Mungu akubariki."

Na dada anayehudumu kule baa, anayefuta meza saa sita usiku na kutukanwa na walevi, huyo naye ana mama anayemwombea. Tukimwona stejini asubuhi, tumsalimie.

Wito

Isaya 5:13 inasema watu walikwenda utumwani kwa kukosa maarifa, wakuu wao wakafa njaa. Nyumba nyingi zinakwenda utumwani Novemba. Oktoba ni karamu, Januari mtoto anarudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Lakini leo bado ni leo. Yule baba wa Luka 15 hakungoja mwana amalize kutubu. Alimwona angali mbali, akakimbia. Mzee, kama pesa ya mwaka jana iliisha mezani, Mungu hakungoji na fimbo. Rudi tu. Na ukirudi kwa Mungu, rudi pia kwa mama wa watoto wako umwambie ukweli.

Tuombe

Bwana Yesu, wewe ulikwenda harusini Kana na ukala na watu wa kila aina. Fungua masikio yetu tusikie kilio kilicho nyumbani mwetu. Waliofungwa na pombe, wafungue. Mikono ya kina mama iliyopasuka kwa umande na utomvu wa chai, iheshimu. Vijana wanaopiga gitaa, wape wimbo mpya na mkate wa halali. Bonasi ya mwaka huu ifike nyumbani. Kwa jina la Yesu, amina.