Kufuli la Njiani na Mtu wa Mwisho

Jioni moja hapa Kahama niliiwekea seva yangu kufuli. Nasema yangu kwa sababu naiendesha mwenyewe: kompyuta kuukuu iliyo nyuma ya kabati, inayobeba tovuti ninakoweka habari za migodini, pamoja na ukurasa ambao mtu anaweza kuniandikia bila kutaja jina. Cheti nilikipata bure kutoka Let's Encrypt, huduma ya Marekani isiyotafuta faida. Ilihakikisha kwamba anwani ile ya tovuti kweli iko mikononi mwangu, ikanipa cheti cha siku 90. Tangu hapo, simu ya msomaji na seva yangu hukubaliana ufunguo kabla ya kuzungumza, na anayedukiza katikati huambulia herufi zilizovurugwa. Kazi haikufika saa moja. Juu ya ukurasa nikaandika kwa furaha: "Ujumbe wako uko salama."

Sentensi hiyo ndiyo inayonisumbua. Je, ilikuwa kweli?

Sisi wa ukanda huu tuna uzoefu na vitu vilivyofungwa vizuri. Mwaka 2017 Rais Magufuli alizuia makinikia kusafirishwa nje, na makontena 277 yakabaki bandarini Dar es Salaam. Mzigo ulitoka Bulyanhulu na Buzwagi, hapa hapa kwetu. Kamati ya Profesa Mruma ilipofungua na kupima, ikasema dhahabu iliyomo ni nyingi mno kuliko iliyotangazwa; kampuni ya Acacia ikakana. Sina nia ya kuamua ugomvi ule hapa. Ninachokumbuka ni kwamba lakiri haikuweza kuumaliza. Lakiri inajua jambo moja tu: hakuna aliyefungua njiani. Haijui aliyefunga alikuwa mkweli kiasi gani, wala aliyepokea atafanya nini na mzigo.

Cheti cha seva ni hivyo hivyo. Tapeli naye anakipata, bure, kwa siku zile zile. Kinasema unaongea na mwenye anwani hii. Hakisemi mwenye anwani ni mtu wa namna gani.

Wiki chache baadaye mtu akaniandikia kutoka machimbo ya upande wa Geita. Anasema mifuko ya mawe ilihesabiwa pungufu wakati wa mgao, na waliouliza walifukuzwa duarani. Jina hakuweka. Nikafungua kumbukumbu za seva kutafuta hitilafu nyingine kabisa, nikamkuta pale: anwani ya mtandao aliyoitumia, aina ya simu, saa, dakika na sekunde. Sikuwa nimeiagiza seva iandike. Inaandika yenyewe, ndivyo inavyokuja. Anwani ile peke yake haitaji mtu. Lakini ukiwa nayo pamoja na saa, kampuni ya simu inaweza kuulizwa, na laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole.

Yaani nilikuwa nimefunga barabara yote, kisha mwisho wake nikaweka daftari la wageni bila kumwambia mgeni.

Hili si jambo la kufikirika. Maxence Melo wa JamiiForums alikamatwa Desemba 2016 baada ya polisi kutaka taarifa za watumiaji wake naye kukataa. Aprili 2020 mahakama ya Kisutu ilimtia hatiani kwa kuzuia uchunguzi, faini shilingi milioni 3 au jela mwaka mmoja. Wengi wetu tulimsifu kwa ujasiri, na alistahili. Lakini mimi sijui kama nina ujasiri huo, na nadhani si haki kumwekea mchimbaji rehani ya ujasiri nisioujua. Kinachoweza kuahidiwa na mtu mwoga kama mimi ni kutokuwa na kitu cha kutoa.

Kuna mtu ataniuliza: na siku muuaji akikuandikia je? Swali ni la haki. Kuna siku kumbukumbu ile ingesaidia, nami sitakuwa nayo. Siwezi kujifanya gharama hiyo haipo. Tena kuna mpaka: kufuta kila siku, kwa utaratibu uliotangazwa, kabla hujaulizwa na yeyote, ni kitu kimoja, kufuta baada ya polisi kubisha hodi ni kuficha ushahidi. Uamuzi lazima ufanywe mapema, wakati huna wa kumlinda wala wa kumkomoa. Hata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka ukusanye kile tu unachohitaji kwa kazi uliyoitaja. Mimi nilihitaji habari ya mifuko. Alama ya simu sikuihitaji.

Basi nikazima uandishi wa anwani, nikafuta zilizokuwepo, kisha nikarudi kwenye ile sentensi yangu ya furaha. Sasa inasomeka hivi: "Ujumbe wako hausomeki njiani. Mtandao unaotumia bado unaweza kuona kwamba ulifika hapa. Ukifika, nausoma mimi. Anwani yako siitunzi."

Rafiki yangu mmoja anasema inatisha watu. Huenda. Tangu niibadilishe, wanaoniandikia wamepungua, na nadhani waliobaki wanajua wanamwandikia nani.