Ukarimu wa Bwana

Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimpa lakabu ya Abul-Mawahib, baba wa vipawa, kwa wingi wa utoaji wake. Msafiri huyo anasimulia kwamba Ijumaa moja, Sultani akirejea kutoka msikitini, fakiri wa Kiyemeni alimsimamisha akamwomba nguo alizokuwa amezivaa. Sultani akaingia nyumbani mwa khatibu, akazivua, akavaa nyingine, akampa. Mwanawe hakupenda nguo za baba yake ziende na fakiri, akazikomboa kwa watumwa kumi. Sultani aliposikia watu wanavyolisifu tendo lake, akaamuru fakiri aongezwe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Kisa hiki kinapendeza, na sina nia ya kukiharibu. Mtawala anayevua joho lake njiani kwa ajili ya maskini si wa kila siku. Lakini ndani yake mna watu 20 waliotoka mkono huu wakaingia mkono ule ili sifa itimie, na msimuliaji anawahesabu kwa pumzi ile ile anayohesabia pembe. Je, wema unaotolewa kwa viungo vya watu wengine ni wema wa namna gani? Na wema huo ukiitwa mapenzi, unabadilika?

Swali hili la pili limenijia kwa kusoma hadithi za picha za Kikorea, zile ambazo wenyewe huziita manhwa, na ambazo mabinti zetu siku hizi huzisoma kwenye simu hadi usiku wa manane. Sisi tuliokua na gazeti la Sani hatuna haki ya kuwacheka. Nyingi kati ya hadithi hizo huwekwa katika zama za ufalme wa Joseon, ulioasisiwa mwaka 1392, ambamo juu kabisa waliketi mabwana walioitwa yangban na chini kabisa walikuwapo watumwa walioitwa nobi. Msichana ni mjakazi, au mtumishi wa kasri, au binti wa mwanamke wa kutumbuiza wakubwa. Bwana ni mzuri wa sura na mgumu wa maneno. Anamfokea, anamtesa kidogo, anamwokoa na mabwana wabaya kuliko yeye, kisha anampenda. Mchoraji hutumia ukurasa mzima kuonyesha mkunjo wa hariri na ua linaloanguka begani. Msomaji analia, msichana anapanda ngazi, na ngazi inabaki pale pale ilipokuwa.

Si kwamba Wakorea hawalijui jambo hili. Hadithi yao maarufu kuliko zote za mapenzi, ile ya Chunhyang, ni ya binti wa mtumbuizaji aliyempenda kijana wa daraja la juu, akapigwa na kufungwa kwa kumkataa hakimu mpya aliyemtaka awe suria wake. Nguvu ya hadithi ile imo katika neno “sitaki”. Hata hivyo, anayemtoa gerezani ni mpenzi wake, aliyerudi na mamlaka ya mfalme makubwa kuliko ya yule hakimu.

Lakini kisa kilichonishika hasa si cha kubuni. Mfalme Jeongjo, aliyetawala kuanzia mwaka 1776, alimpenda mtumishi wa kasri aitwaye Seong Deok-im. Hadithi yao imeandikwa kuwa riwaya, ikachorwa, na mwaka 2021 ikaigizwa katika televisheni. Deok-im alipofariki mwaka 1786, mfalme alimwandikia kwa mkono wake tanzia ya kaburini, na humo anakiri kwamba alimtaka tangu ujana, binti akalia na kukataa. Baada ya miaka 15 alimwomba tena, akakataa tena. Ndipo mfalme alipomwadhibu mtumishi wa Deok-im, na Deok-im akakubali.

Naomba msomaji aisome tena sentensi hiyo ya mwisho. Mfalme hakuona haya kuiandika. Kwake ilikuwa sehemu ya huzuni yake, na huzuni yenyewe naamini ilikuwa ya kweli. Mapenzi yalikuwapo. Kilichokosekana ni mlango wa kutokea, na yule aliyekuwa chini zaidi ndiye aliyelipishwa ili mlango ufungwe. Jina lake mfalme hakulitaja.

Pwani yetu ya kusini ina habari kama hizi, ila haina wachoraji. Mwaka 1776 huo huo Mfaransa Morice alipatana na Sultani wa Kilwa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka. Katika karne ya kumi na tisa biashara ilikuwa imehamia Kilwa Kivinje, na misafara kutoka upande wa Ziwa Nyasa iliteremka huko na Lindi. Wengi walipakiwa majahazini kwenda Unguja, na si wachache waliobaki papa hapa pwani, mashambani na majumbani. Miongoni mwa wanawake wapo waliofanywa masuria, na hapo ndipo historia yetu inapofanana sana na zile hadithi za kwenye simu, na ndipo tunapopenda kunyamaza.

Insafu inataka tuseme yote. Sheria ya Kiislamu ilimpa suria aliyemzalia bwana wake hifadhi: hakuweza kuuzwa tena, na bwana akifa alikuwa huru. Mtoto alizaliwa muungwana, akarithi pamoja na nduguze. Katika Joseon, mtoto wa bwana na mjakazi alibeba unyonge wa mama yake maisha yake yote. Kwetu, watoto 36 aliowaacha Sayyid Said alipofariki mwaka 1856 walizaliwa na masuria, na wanne kati yao walishika utawala wa Zanzibar. Hilo si jambo dogo. Lakini hifadhi hiyo ilianza baada ya tendo ambalo suria hakuulizwa. Salme binti Said, aliyechapisha kumbukumbu zake mwaka 1886, alimwandika kwa mahaba makubwa mama yake, suria wa Kicherkesi aliyetekwa akiwa mtoto, na katika kitabu hicho hicho akautetea utumwa.

Amri ya mwaka 1897 iliyofuta hadhi ya utumwa Unguja na Pemba iliwaacha masuria nje. Walihesabiwa kama wake, ili nyumba zisivunjike, na suria hakuweza kudai uhuru ila kwa kuthibitisha kwamba anafanyiwa ukatili. Iliwabidi wangoje hadi mwaka 1909. Huku Kilwa na Lindi, chini ya Wajerumani na kisha Waingereza, utumwa haukufutwa kisheria hadi mwaka 1922. Nimelifikiria sana lile neno “kama wake”. Mtu mmoja alikatazwa kuondoka kwa hoja kwamba anapendwa.

Washairi wetu nao wana lao. Katika tungo za mapenzi malenga hujiita mtumwa wa mpenzi wake, na sisi hutikisa vichwa kwa raha. Mwenye kujiita mtumwa katika ubeti wa tatu, katika ubeti wa sita hukasirika akaaga na kwenda zake. Sisemi sitiari hiyo ipigwe marufuku, nimeitumia mwenyewe. Nasema tu kwamba ni vazi la mtu aliye huru, kama alivyokuwa huru yule Sultani kuvua joho akijua mengine yapo ndani.

Ipo sauti moja iliyopita Kilwa ambayo naiweka karibu na hadithi hizi kila ninapozisoma. Swema alikuwa mtoto wa Kiyao, aliyeteremshwa na msafara katika miaka ya 1860. Mama yake alidhoofika njiani akaachwa nyuma afe. Swema alipakiwa jahazini Kilwa, na alipofika Unguja alikuwa hoi kiasi kwamba mwenye mali aliona hasara, wakamzika angali hai. Kijana mpita njia alimfukua akampeleka misheni. Habari zake zilichapishwa Paris mwaka 1870 kwa kalamu ya wamisionari, nao walikuwa na sababu zao za kuzipamba. Hata hivyo anasimulia kwamba baadaye mtu yule aliyeamuru azikwe aliletwa hospitali ya misheni akiwa majeruhi, naye akatakiwa kumhudumia. Chuki ilimjaa, akalia, akaenda kusali. Kisha akarudi, akamfunga vidonda.